Mama Hataki Kuuza

Wapenzi wa magari ya zamani ni wagonjwa, na dawa yao haijapatikana. Nasema hivyo kwa sababu miaka yote hii nimelala kitanda kimoja na mgonjwa mmojawapo, na najua homa yake inavyopanda. Mume wangu nikimtuma chumvi dukani, hapo kona tu, atarudi mikono mitupu na uso wa mtu asiyekumbuka alikuwa anakwenda wapi. Lakini mwambie kwamba kule Ziba kuna mzee katundika taa ya Landrova kwenye zizi la mbuzi. Kesho yake alfajiri yuko stendi, na hasahau kitu.

Landrova yenyewe aliitoa hukohuko Ziba. Ni ile ya zamani kabisa, ambayo taa zake zimekaa katikati, zimesogeleana puani, si huku na huku kwenye mabawa kama zilizokuja baadaye. Eti hiyo ndiyo thamani yake. Siku inashushwa kwenye lori mbele ya nyumba yetu hapa Cheyo, Tabora, kuku walitoka ndani yake mmoja mmoja, wamekasirika kuliko mimi. Nikamuuliza, "Baba watoto, umenunua gari au banda la kuku?" Akacheka. Akasema nisubiri kidogo, ikishatengemaa tutakwenda nayo Kigoma kula migebuka. Jamani, Kigoma! Hatujafika nayo hata mtaa wa Ng'ambo, mtu anapokwenda kwa miguu na kapu lake kichwani akarudi kabla uji haujapoa.

Nisimdhulumu, mume wangu ni fundi. Alifanya kazi kwenye karakana ya treni mpaka akastaafu, na chuma kinamsikiliza. Injini iliwaka. Siku ilipowaka mtaa mzima ulikuja kushangaa, na moshi wote ukahamia kwenye shuka zangu nilizokuwa nimeanika. Kisha ikazima, maana gari la zamani halitengemai, linabadilisha tu mahali panapouma. Ukilitibu kabureta linaumwa breki. Ukilitibu breki, kuna kimpira fulani cha mviringo ambacho hakipatikani Tabora, hakipatikani Mwanza, kuna mtu mmoja tu Arusha anacho na hapokei simu.

Hayo yote ningeyavumilia. Kuna wanawake wenzangu waume zao wana mambo mabaya zaidi, na hayana hata bodi la kuegemea. Kilichonishinda ni banda.

Nyuma ya nyumba tuna banda la matofali lenye bati zima, sakafu ya saruji na mlango wa chuma. Tulilijenga kwa ajili ya asali yangu. Narudia, maana mwenzangu husahau: kwa ajili ya asali yangu. Mimi nanunua asali kwa warina wanaotoka msituni upande wa Sikonge, naichuja, naitia kwenye mapipa, namuuzia mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanza. Hiyo biashara ndiyo iliyosomesha watoto wetu, wala si Landrova. Sasa, Landrova ilipokuja, iliwekwa bandani "kwa wiki moja tu, mvua zipite." Mvua zilipita, zikarudi, zikapita tena. Mapipa yangu yakasukumwa upande mmoja, gari upande mwingine, katikati tukatundika turubai kama wapangaji wasioelewana.

Asali hushika harufu. Mtoto mdogo wa hapa Tabora analijua hilo. Ukiiweka jirani na vitunguu, itanuka vitunguu. Msimu uliopita mteja wangu alikuja kutoka Mwanza, akafunua pipa la kwanza, akachovya kidole, akaonja. Akakirudisha kifuniko polepole. "Mama," akaniambia, "hii asali imekunywa petroli." Akaonja la pili, la tatu, yote yaleyale. Akaondoka na gari lake tupu. Mimi, binti niliyelelewa na baba mwalimu wa madrasa, nikaishia kuwauzia asali yangu wapika wanzuki, ile pombe ya asali, kwa bei ya kutupa, nikijifunika ushungi nisijulikane. Niliona aibu mpaka nikaumwa kichwa.

Yule mama wa Mwanza akanipa nafasi moja tu. Akasema msimu huu anakuja tena, lakini akikuta lile gari bandani hatafungua hata pipa, atahamia kwa mwingine. Na wengine wapo tele, wananisubiri nianguke.

Nikamweleza mume wangu kila kitu, kwa utulivu, baada ya chakula, siku ambayo nilimpikia nyama. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Nimekuelewa, mke wangu. Nitaiuza."

Na kweli wanunuzi wakaanza kuja. Mmoja alitoka Dodoma, mwingine Mwanza, wakaja na wengine ambao sikuuliza walikotoka. Mimi nawapelekea chai bandani, nawakuta wamelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, wanasifia spea. Narudi jikoni nikimshukuru Mungu. Baada ya saa nzima nasikia wanaaga, wanaondoka, na Landrova imebaki palepale, macho yake katikati ya uso. Nikiuliza naambiwa, "Ah, si watu wa maana wale." Au, "Wanataka kuikata vipande." Siwezi kubishana, mimi najua asali.

Ila nikiri, kila mnunuzi alipoondoka, mume wangu aliniletea doti ya kanga. "Nimeona umechoka," ananiambia. Mara ya kwanza nilishangaa, maana si mtu wa kununua kanga, hata ile ya eda ya mama yake nilinunua mimi. Mara ya pili nikafurahi. Nikasema moyoni, mzee ameanza kunionea huruma, kila akishindwa kuuza ananifariji. Nikapunguza maneno. Wallahi, nilimpunguzia maneno!

Msimu ukawa unakaribia. Asubuhi moja nikiwa uani nakamua masega, mikono yote nta, nikasikia sauti mlangoni, haina hata hodi.

"Yuko wapi huyo Mnyamwezi mla kanga? Leo nataka nimwone kwa macho yangu!"

Alikuwa mnunuzi kutoka Dar es Salaam, Mzaramo, ana kofia ya kiua na tumbo la kutangulia. Na sisi na Wazaramo, kama mnavyojua, ni watani tangu misafara, tangu babu zetu wanabeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana msibani ukampa maji ya kunywa. Kwa hiyo nikajibu kama inavyotakiwa, "Mzaramo, mmeishiwa na wanawake wa kuwapigia kelele huko kwenu mpaka mmepanda treni?"

"Tumeishiwa na kanga!" akasema. "Zote zimeliwa hapa! Rafiki yangu wa Dodoma kakuletea doti, umeipokea, umekataa. Wa Mwanza kaleta doti ya mchoro wa korosho, umeipokea, umekataa. Wewe mwanamke una roho gani? Wapenzi wote wa magari nchi hii wanajua: Tabora kuna Landrova ya taa za katikati, mzee wa watu anataka kuuza, lakini mama hataki! Umesema siku gari likitoka na wewe unatoka! Basi mimi sikuja na kanga. Nimekuja na kitenge, tena cha nta, tuone."

Nikajitazama. Nilikuwa nimejifunga ile ya korosho.

Mume wangu alikuwa ametokea kwenye mlango wa banda, kitambaa cha grisi mkononi. Akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwepo asubuhi.

"Baba watoto," nikasema, "mimi ndiye nisiyetaka?"

Akajifuta vidole kwa kile kitambaa.

"Mimi? Mimi niliyeuza asali kwa walevi?"

"Mama watoto, si mbele ya wageni..."

"Mbele ya wageni ndiyo hapohapo! Kwani mlininena wapi, si mbele ya wageni?"

Hasira ilinipanda. Si kwa sababu ya gari peke yake. Nilihesabu moyoni ni wanaume wangapi walikunywa chai yangu na kunitazama kwa chati, wakijisemea, huyu ndiye kisirani chenyewe. Nilikuwa na jina kubwa katika nchi nzima na sikuwa na habari. Nimegeuzwa kichaka cha mtu kujifichia, halafu nikavishwa kanga za hongo nikidhani ni mapenzi.

Mume wangu akaketi kwenye kigoda. Akaniambia, sauti chini, "Nikisema mimi mwenyewe sitaki, wanapandisha bei, wananibembeleza, wanarudi tena. Nikisema mke hataki, mwanaume mwenzangu anaelewa. Anasema pole, anaondoka."

Mtani alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Nikamgeukia. "Wewe umekuja kununua?"

"Nimekuja kununua."

"Na kinachokosekana ni neno la mama?"

"Ni hilo tu, siku zote."

"Basi neno hili hapa. Mama ametaka. Lichukue leo."

Mume wangu akatupia kitambaa chake begani. Angekataaje? Alishawaambia wote kwamba yeye hana pingamizi. Wakaenda bandani, wakazungumza bei kama watu wanaozungumzia maiti, wakarudi wamekubaliana. Nikaweka chai mezani, na maandazi nikayatoa, maana siku kama ile haiji mara mbili.

Hapo yule mtani akatoa simu. "Ngoja kwanza nimwambie mke wangu," akasema. Na sauti, sijui aliiweka wapi ile ya mlangoni. Mtu aliyeingia ananguruma akawa anasema, "Mpenzi, samahani, una nafasi kidogo?"

Simu ilikuwa ya sauti ya juu, tukasikia wote.

"Gari jingine?" akauliza mkewe. "Uwanja mzima umejaa mabati yako, nguo naanika juu ya boneti, na unaniletea jingine? Huyo mama asiyetaka kuuza yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nikajifuta nta, nikapokea. Tukasalimiana vizuri, asalaam aleikum, aleikum salaam, habari za huko, nzuri. Kisha akasema, "Dada, niambie ukweli wa wanawake. Nimkubalie au nisimkubalie?"

Mtani alinikunjia uso, akaunganisha viganja kunisihi. Ningeweza kusema uongo. Banda langu lilikuwa umbali wa sentensi moja. Lakini kumtwisha mwanamke mwenzangu mzigo ulionivunja mimi mgongo, na kumwambia ni mwepesi? Nikamweleza yote. Petroli kwenye asali, wanzuki, turubai, kuku, mpaka kanga niliyokuwa nimeivaa. Nilizungumza mpaka chai ikapoa.

Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wa kwangu huwaambia watu mimi ndiye ninayemtuma. Eti mke wangu anapenda sana Landrova, hanipi usingizi. Majuzi kwenye harusi mtu kanipongeza."

Nikamtazama mtani. Alikuwa anachunguza andazi lake kwa makini sana.

"Haya," akasema yule dada. "Alete. Lakini lile gari lako la kijani liuzwe kwanza, na mnunuzi akija nitazungumza naye mimi. Umesikia wewe, bwana?" Bwana akaitikia kutoka ng'ambo ya meza kwamba amesikia. Nikafurahi, nikanyoosha mkono kurudisha simu.

"Dada, bado upo?" akauliza. "Huyo mumeo. Wangu ana magari mengine, na ana duka. Wako likiondoka hilo, atabaki na nini?"

Swali gani hilo! Nilikaribia kumjibu vibaya. Mimi nahangaika na mapipa, na mtu aliye mbali Dar es Salaam ananionyesha mume wangu. Lakini nilimtazama. Alikuwa kwenye kigoda chake, ameweka mikono magotini, mikono mikubwa iliyozoea kuvuta chuma, na tangu astaafu ni lile banda tu lililokuwa linamwita asubuhi. Wenzake wa karakana walikuwa wanakuja kwa sababu ya Landrova. Wanaizunguka, wanabishana kuhusu kimpira cha Arusha, wanakunywa kahawa, jua linazama. Nilijua hayo yote. Niliyajua siku zote, na yalinikera zaidi kwa kuwa nilikuwa nayajua. Na bado nilihitaji banda langu.

"Atabaki na mimi," nikasema.

Nikamrudishia mtani simu yake. Mume wangu akainua uso. Hakuniangalia kwa hasira, wala sikuona furaha. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama fundi anayesikiliza mlio ambao hajaujua bado ni wa nini. Kisha akainuka, akasema anakwenda kuchukua ufunguo.

Ufunguo hutundikwa kwenye usukani. Ni hatua chache kutoka mezani mpaka bandani, hata mgonjwa anakwenda na kurudi. Alikawia. Mtani akasogeza kiti chake nyuma, anataka kumfuata.

Nikamwambia akae, amalize chai yake kwanza.