Kesho Tunafunga

Nina ugonjwa wa kusema "tu". Tangu mama yangu aambiwe ana presha, kila jambo lake nalisema kama letu sote: tumeze dawa, mama, tusikae na mawazo, mama. Nafanya kazi ofisini Kibaha, na nimezoea kuwaamuru watu kwa upole. Mama, mkulima wa Chole kule Kisarawe, huo upole wangu haukumlainisha hata siku moja. Niliwahi kumwambia tupunguze chumvi huku nikiinyunyiza kwenye chipsi zangu. Akautazama mkono wangu, akauliza, "Tupunguze akina nani?"

Presha yenyewe hakuiogopa. Aliogopa figo. Dada yake, mama yangu mkubwa, aliishi na presha bila kuijali, na figo ndizo zilizomwondoa. Kwa hiyo daktari aliposema kupima presha mkononi hakutoshi, inabidi damu na mkojo navyo vipimwe ili waone sukari, mafuta na hasa kama figo zimeanza kupitisha protini, mama alikubali kwa neno moja. Mimi ndiye niliyesema sana. Nikiogopa huwa naongea.

Akaja kwangu Kongowe na kiroba cha mihogo. Jioni nikamwambia, "Kesho asubuhi tunakwenda kupima. Tunafunga, mama, usisahau."

"Mimi nisahau kufunga?" akasema, na nikaona nimemuudhi.

Maabara tulimkuta dada mmoja mchangamfu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamfunga mpira mkononi huku akimuuliza kama amefunga. Mama akasema amefunga.

"Mara ya mwisho kula ilikuwa saa ngapi, bibi?"

"Alfajiri. Nilikula daku."

Dada akaiweka sindano chini. "Sasa bibi, umefunga au umekula?"

"Vyote viwili. Nimekula daku, kisha nimefunga. Kwani nyie hapa mnafungaje?"

Kumbe mimi nikiwa nimelala fofofo, mama alikuwa jikoni kwangu akipasha wali wa nazi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akamuunga mkono, akasema kufunga bila daku ni kujitesa. Watu wakacheka, mama akacheka, mimi nikanuna. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na sasa tuliambiwa turudi kesho. Lakini dada alipojaribu kuandika huku mabega yakimtikisika, nami nikashindwa kujizuia.

Pale nje nilimnunulia chai na chapati. Akakataa kwa sababu alikuwa ameshanuia, na yeye akinuia hageuki mpaka magharibi. Basi chai nikainywa mimi, na chapati nikala. Alinisindikiza kwa macho mpaka tonge la mwisho.

"Si ulisema tunafunga?"

Jioni, baada ya kufuturu, nilimweleza upya na safari hii sikutumia neno kufunga. Asile chochote mpaka atolewe damu, daku hakuna, akisikia kiu anywe maji.

"Hiyo siyo kufunga," akasema. "Hiyo ni njaa."

Asubuhi akaenda na njaa yake, akatoa damu, akajaza kikopo cha mkojo, kisha akanywa chai kwa raha zake. Majibu yalitoka mchana. Daktari alipokuwa akiyasoma kimya nilikuwa nimeushika mkoba wa mama kwa mikono miwili, sijui kwa nini.

"Mafuta yamepanda kidogo, mama, tutayashughulikia. Figo zako nzima. Mkojo hauna protini."

"Rudia hapo kwenye figo," mama akasema.

Daktari akarudia. Mama akasema alhamdulillahi, akanigeukia aone kama na mimi nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Nilifurahi mpaka nikacheka na kulia pamoja, na daktari wa watu akabaki kunitazama mimi badala ya mgonjwa wake.

Nyumbani akapika ile mihogo. Daktari alikuwa amesema apunguze nazi, naye akatia kidogo, yaani kidogo ya Chole. Tukakaa mkekani tukala, yeye akisimulia habari ya daku kana kwamba mimi sikuwepo, na kila akisimulia yule mzee wa maabara anaongezewa maneno. Nikanyoosha mkono kuchukua chumvi. Akakivuta kikopo chake taratibu, akakiweka upande wake.

"Figo zangu nimeshazijua," akasema. "Mama yako mkubwa alikuwa na presha. Mimi ninayo. Wewe umepima lini?"

Nikajimiminia maji.

"Kesho tunafunga," akasema.

"Tunafunga akina nani, mama?"

Akachagua kipande kikubwa cha muhogo, akakichovya kwenye tui.

"Wewe."