Gari la Viti Viwili

Watu wa mtaa wetu wa Kibomet wakitaka kunichokoza huniuliza gari langu litaamka lini. Liko nyuma ya nyumba, chini ya turubai la kuanikia mahindi, na magurudumu mawili hayana upepo. Huwajibu kwamba limechoka kama mwenyewe. Wanacheka, wanaendelea na safari zao.

Nililinunua Bungoma mjini, kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, na siku hiyo nilikuwa nimeshuka Bungoma kufuata mzigo wa mbegu uliocheleweshwa. Nikaliona limeegeshwa nje ya lango lake: jekundu, fupi, limelala chini kabisa, na karatasi ya KUUZWA kwenye kioo. Rangi ya boneti ilikuwa imeliwa na jua. Kiti cha dereva kilikuwa kimeshonwa na fundi viatu. Daktari mwenyewe aliniambia bila kuficha kwamba gari ni la zamani na linataka moyo. Bana, moyo nilikuwa nao. Tangu nikiwa mtoto, nikimsaidia baba kusukuma trekta lake lililokufa, nilikuwa nataka kitu kimoja tu chenye mbio.

Mtu wa kunishauri hakuwepo, na hata angekuwepo ningemfokea. Ndivyo nilivyo. Nikishaamua jambo, ukinipinga unanikazia tu. Mahindi ya mwaka ule niliyauza yote, nikarudi Bungoma, nikaja na gari langu likinguruma kutoka huko mpaka Kitale, watu wa Kamukuywa wakisimama kando ya barabara kuangalia ni mheshimiwa gani anapita.

Mke wangu alilizunguka mara moja.

"Ati umenunua nini?"

"Gari ya spoti."

"Tuko watu wanne kwa hii nyumba. Hii iko na viti viwili. Nyuma hapa ni pa kuweka nini?"

"Koti."

"Koti!" Akapiga makofi mara moja, vile wanawake hupiga wakishangaa upumbavu. "Na mama yangu je, utambeba kwa buti?"

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Sasa lazima niseme habari ya mama mkwe, la sivyo hutaelewa. Mimi wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati, wakanunua shamba huku Kitale, upande wa mji wa Kwanza, kabla sijazaliwa. Kwetu mama ya mke wako unamsalimia kwa mkono, unakunywa chai yake, na akikosa sukari anakutuma dukani. Mke wangu ni wa Kamukuywa, na kwao mambo ni mengine. Siku ya kwanza nilipofika nyumbani kwao nilimwona mama mmoja mnene, amebeba sufuria, akitoka jikoni. Nikanyoosha mkono. Mama wa watu akatupa sufuria, akakimbia nyuma ya ghala la mahindi, na wanawake wote wakapiga kelele kana kwamba nimevua suruali.

Kumbe mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hawatazamani usoni, hawakai pamoja, hawaitani majina, wala hawasemeshani ana kwa ana. Akitaka kuniambia jambo alimwambia mtu mwingine nikisikia. "Muulizeni huyo mtu kama ameshiba." Nami nilijibu, nikimtazama jogoo: "Mwambieni nimeshiba, asante." Kama hapakuwa na mtu wa katikati, tulinyamaza sote wawili mpaka mtu apatikane. Lakini alinipenda. Kila mke wangu alipotoka huko alirudi na ndizi, kuku, na siku moja sweta aliyoifuma mama mwenyewe kwa vipimo vya kubahatisha, ikanikaa sawasawa.

Heshima ile ina namna ya kulegezwa. Mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye msemaji wa boma lile, alinieleza mapema kabisa. "Leta brangeti na mbuzi. Tunaketi, tunakula, unampa mama brangeti kwa mkono wako. Kutoka siku hiyo mnasalimiana kama watu."

Nikasema mwaka huu. Halafu nikasema mahindi yakitoka. Mahindi yakatoka, nikanunua gari. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo wanavyosema, lakini wanadhani ni matumbo ya yule anayengoja.

Gari lenyewe lilikuwa na magonjwa yake, na niliyajua yote. Lilikunywa mafuta. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka, kwa hiyo ndani ulilazimika kupiga kelele ukitaka kusikika. Kioo cha upande wa abiria kilikataa swichi yake yenyewe. Ilibidi mimi dereva nibonyeze swichi ya upande wangu ndipo kishuke. Na ndani ya mlango wa abiria kulikuwa na kitu kimelegea. Barabara ikiharibika kidogo tu, kilianza: ko, ko, ko, kama mtu anapiga hodi. Nilikizoea. Mara nyingine nilikitukana, mara nyingine nilikiambia karibu.

Siku chache kabla ya mama mkwe kuugua nililipeleka kwa fundi wangu hapa mjini anitengenezee breki. Ni mtu mpole, anafanya kazi kimya, na huchelewa. Nilipokwenda kulichukua alikuwa bado anafunga gurudumu la mwisho. Nikamfokea mbele ya wateja wake. Akaanza kusema, "Boss, pia huko kwa mlango..." Nikamkata. "Leta ufunguo. Hadithi peleka nyumbani." Akanipa ufunguo.

Ikaja asubuhi ile. Simu ilitoka Kamukuywa tukiwa tunakunywa chai: mama hawezi kupumua vizuri, anakaa kitandani akishika kifua. Tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaingia ndani ya gari mimi na mke wangu. Njia nzima alikuwa kwa simu, analia, anauliza, analia tena. Nililiendesha lile gari kama lilivyotaka kuendeshwa siku zote, na lazima nikiri jambo la aibu: moyoni nilikuwa na furaha kidogo. Nilisema, leo watajua kwa nini nililinunua.

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, jasho linamtiririka. Niliona miguu yake tu, kisha nikageuza uso. Jirani mwenye pikapu alikuwa ameenda Kwanza na mzigo. Bodaboda zilikuwa pale, ila mtu ambaye hawezi kukaa wima utambebaje kwa bodaboda? Tulipiga simu tukitafuta gari lingine, huyu hashiki, yule yuko mbali. Na gari langu limesimama katikati ya boma, limeelekea barabarani, tangi limejaa.

"Aingie twende," nikasema.

Mjomba akaliangalia. Akainama, akachungulia ndani.

"Aketi wapi?"

"Kiti cha mbele."

"Kando yako."

"Mzee, mtu ni mgonjwa!"

"Naona ni mgonjwa," akasema. "Ungeleta brangeti tusingekuwa tunaongea."

"Nitaleta kesho! Nitaleta mbuzi hata kumi!"

"Kesho," akarudia mjomba, bila ubaya wowote.

Wanawake wakaingia ndani kumbembeleza. Nilimsikia akikataa. Sauti yake ilikuwa ndogo, inakatika, lakini ilikataa: hawezi kukaa na mkwe wake bega kwa bega, aende hospitali halafu arudi na uso gani? Mke wangu akampigia magoti. Karibu saa nzima ilipotea hivyo, na hakuna gari lingine lililokuja. Mwisho nikasikia: "Mwambieni huyo mtu nitaenda. Lakini asiniangalie. Na mimi simwangalii."

Mke wangu akachukua leso ya kujifunga, akaibana juu kwenye paa la gari kwa pini na chini kati ya viti, ikawa ukuta. Wakamwingiza upande wa pili. Mimi nilikuwa tayari kwenye usukani, nimegeukia dirisha langu kama mtoto aliyeadhibiwa. Nafasi ya mke wangu haikuwepo, kwa hiyo yeye angetufuata kwa bodaboda. Kabla hajafunga mlango akaniambia, "Tafadhali, mheshimu mama yangu."

Nilimheshimu. Mungu anajua nilimheshimu. Sikugeuza shingo hata mara moja. Ndani ya lile gari mlikuwa na mimi, yeye, leso, na ngurumo ya bomba bovu. Hapakuwa na mtu wa katikati wa kuambiwa, mwambieni huyo mtu.

Tulipoingia lami mlango ukaanza. Ko, ko, ko. Nikajisemea, hata leo? Nikaongeza mwendo. Ukanyamaza kidogo, ukaanza tena. Ko, ko. Ko, ko, ko. Mbele ya Kiminini kulikuwa na lori la miwa limeziba njia, sioni pa kupita, jua linapiga kwenye vioo, ndani kumekuwa moto, na ule mlango ko, ko, ko, ko, bila kupumzika. Hasira ikanipanda. Nikapiga usukani kwa kiganja, nikafoka kwa sauti yangu yote:

"Aa, nyamaza! Nyamaza basi, umenichosha!"

Ukanyamaza.

Nikalipita lori. Kutoka pale mpaka Kitale mlango haukugonga tena, nikashukuru.

Hospitalini nilishuka nikaita watu wa machela, nikasimama mbali, nimegeukia ukuta. Nilisikia mlango ukifunguliwa. Nilisikia mtu akisema, "Mama? Mama?" Mke wangu alifika na bodaboda dakika chache baadaye, na mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Daktari alisema ni moyo. Sikumuuliza kama hewa ingemsaidia, kwa kuwa wakati huo sikujua kama kulikuwa na swali la kuuliza.

Siku ya mazishi nilikwenda na blanketi na mbuzi. Mjomba alivipokea mbele ya watu wote, hakunisimanga hata kidogo, na afadhali angenisimanga. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye jeneza. "Sasa sogea," akasema. "Hakuna neno tena." Nikamfunika blanketi kwa mikono yangu mwenyewe. Miaka tisa ya ndoa, na hiyo ndiyo siku niliyomtazama mama mkwe wangu usoni. Alifanana na mke wangu kuliko nilivyowahi kuambiwa. Nililia mpaka watu wa Kamukuywa wakanisifu, wakasema mkwe huyu alimpenda mama.

Wiki kadhaa baadaye nilimrudia yule fundi. Nilikuwa nimeamua kuliuza gari, na nilitaka likauzwe likiwa safi. Nikamwambia, kwa upole safari hii, angalia na huu mlango wa abiria, unagonga.

Akainuka kutoka chini ya gari la mtu mwingine, akapangusa mikono.

"Huu? Si nilikukazia ile siku ya breki? Ilikuwa tu skrubu mbili. Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia, ukasema niende na hadithi nyumbani." Akaushika mlango, akautikisa kwa nguvu. Haukutoa sauti. Akaupiga kwa bega. Kimya. "Haiwezi kuwa imegonga, boss. Labda kitu ingine."

Nilisimama pale. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile, tukienda na mke wangu, katika ile barabara mbovu ya kuingia bomani, mlango haukugonga hata mara moja. Nikaingia, nikaketi kiti cha abiria, mahali ambapo sijawahi kuketi. Nikafunga mlango. Nikabonyeza swichi ya kioo, na kioo hakikushuka. Nikakunja kidole, nikagonga kioo kwa kifundo. Ko, ko, ko. Fundi akaniangalia kutoka nje, akafikiri ninamwita.

Swichi yangu ilikuwa karibu na mkono wangu wa kulia siku ile. Kidole kimoja tu kingetosha.

Sikuliuza. Nililirudisha nyumbani, nikalifunika turubai, na sijaliwasha tena. Mke wangu anadhani ni huzuni, na kwa ajili ya hilo amekuwa mwema kwangu kuliko ninavyostahili. Mara kwa mara, tukiwa tunapukuchua mahindi au tunakunja nguo, huniuliza kama mama yake alisema neno lolote njiani, hata moja. Namwambia hapana, alinyamaza. Sijamwambia kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha.