Aliyesimama Kushoto kwa Eudiko

Eudiko alikuwa kinyozi karibu na soko la Athene, na kwa miaka kumi na tisa hakupata kumtoza mzee Kalipidi chochote. Watu walisema ana moyo mwema. Yeye alijua ana nini moyoni. Kule vitani Delioni, Mantia, mwana wa Kalipidi, alisimama kushoto kwake, na ngao ya mtu humkinga aliye kushoto. Safu ilipovunjika, Eudiko aliitupa ngao akatimua mbio. Huko Athene, aliyetupa ngao hana tena sauti barazani; kwa hiyo aliporudi nyumbani alisema Mantia alikufa kwanza, yeye akiwa bado amemkingia ngao.

Asubuhi moja alikuwa akimnyoa Filagro, kijana mfuasi wa wanafalsafa, asiyejua kufunga domo.

"Kaka Eudiko, nywele hizi umenikata mara ngapi? Na mwili ndivyo hivyo: nyama zinakwenda, zinakuja nyingine. Wewe wa mwaka juzi hayupo. Ameshakwisha!"

"Kamwambie mkeo kwamba aliyemwoa ameshakwisha," alidakia mtu wa benchini, "uone utakavyolala nje!"

Wote walicheka isipokuwa Eudiko. Maneno yale aliyameza kama mgonjwa anywavyo dawa.

Mchana akaja mzee Kalipidi. Ndevu zilipokatwa nusu, akasema, "Mwanangu, namchongea Mantia jiwe la kumbukumbu. Nimemwambia fundi akuchonge na wewe, ukiwa umemkingia ngao. Kesho uende akuangalie sura."

Makasi yalisimama. "Baba, yule wa Delioni si mimi huyu. Miaka yote hii, mtu hubadilika mwili na roho."

"Umebadilika wewe. Mantia ana miaka ishirini na mmoja mpaka leo."

Eudiko akayaacha maneno ya Filagro.

"Ngao niliitupa, baba. Nilikimbia yeye yu hai."

Mzee aligeuka akamtazama. "Alikuita?"

"Aliniita."

"Alikuitaje?"

"Eudiko."

"Na leo unaitwa nani?"

"Eudiko, baba."

Kalipidi akainuka, shavu moja limekatwa ndevu, la pili bado, akashika fimbo yake na kupita katikati ya soko hivyo hivyo.

"Kulikoni? Umemkata mzee wa watu?" waliuliza wa benchini.

Eudiko akaweka makasi chini, akawaeleza tangu mwanzo.