Nta Iliyokataa Kushika

Nikitaja mchezo wangu kwenye sherehe za watu wetu hapa Brussels, lazima mtu acheke. Ninakimbia mbio ndefu za ski, zile mbao mbili za kuvaa miguuni na kutelezea kwenye theluji. Si zile za kuporomoka mlima huku watu wakipiga makelele. Zangu ni za kupanda na kushuka, kilomita kumi na zaidi, unajisukuma kwa miguu na fimbo mbili hadi mapafu yanataka kutoka nje. Nimezaliwa Bukavu, nimekulia hapa mtaa wa Molenbeek, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja huko Evere. Tonton mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliniuliza katikati ya harusi ya watu, muntu mweusi anatafuta nini kwenye theluji. Nikamuuliza yeye anatafuta nini kwenye tramu za Wabelgiji, maana anaziendesha mwaka wa ishirini sasa. Alicheka mpaka akamwaga bia. Mama akanifinya chini ya meza, kwa sababu mdomo wangu humtia aibu.

Nilianza shuleni. Shule za hapa zina desturi ya kuwapeleka watoto milimani wiki nzima kuona theluji, classe de neige. Mama alipoletewa karatasi ya kusaini alikataa mara mbili. Kwake yeye, kupakia watoto kwenye basi na kuwavusha mpaka halikuwa jambo la kuchekelea. Mwalimu wetu wa mazoezi alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kochi letu, akanywa chai yenye maziwa mengi, akamwahidi kwamba atanirudisha kwa mkono wake. Alinirudisha kweli, na nikiwa na kichaa cha ski ambacho hakijapona. Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa kocha wangu mpaka msimu uliopita.

Brussels haina theluji ya maana. Ina mvua. Majira yote ya joto na ya majani kuanguka nilikuwa nafanya mazoezi kwenye ski za magurudumu kando ya mfereji, nikitoka kazini mgongo unauma kwa kunyanyua wazee tangu saa moja asubuhi. Vijana wa mtaani waliokaa kwenye kingo walikuwa wananiuliza kila siku, madame, theluji imekwisha? Nikiwa na hasira nilikuwa nawajibu kwamba wameila wao. Nimeanguka kwenye mawe yaliyolowa mpaka kwa makovu ya magoti sivai tena sketi. Baridi ikiingia, kocha alinichukua kwa gari lake la mizigo mpaka nyanda za juu za mashariki ya Ubelgiji, na mara nyingi tulikuta majani ya kahawia na ukungu tu. Tulikuwa tunakunywa supu ya chupa ndani ya gari na kurudi. Alikuwa haongei. Nami nilikuwa naongea kwa wote wawili, nalaani hali ya hewa, nalaani Ubelgiji, nalaani hata supu.

Msimu uliopita nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kukimbia mashindano makubwa ya dunia kwa jina la nchi niliyozaliwa. Kwa wachezaji wa nchi zisizo na theluji mlango upo, ila ni mwembamba. Kila mbio hukupa alama kulingana na ulivyoachwa na mshindi, na ukiachwa mbali zinapanda. Nilihitaji mbio tano zenye alama chini ya kiwango kilichowekwa. Nilikuwa nazo nne. Ilibaki moja, kwenye milima ya Ufaransa, wiki ya mwisho kabla mlango haujafungwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mashindano mengine kama hayo ningeyafikia na miguu ya mtu mwingine.

Na haikuwa yangu peke yangu. Mama hajarudi Bukavu tangu tulipotoka, na kwa jinsi mambo yalivyo kule hatarudi. Nyumba yetu wanakaa watu tusiowajua. Kaburi la baba sijui nani analifyekea. Mama alikuwa amejijengea picha moja kichwani: mimi naingia uwanjani na bendera, na mtu fulani kule, kwenye simu ya mtu fulani, ananiona na kusema yule si mutoto wa fulani. Alikuwa anaisimulia picha hiyo mpaka kwa muuza samaki. Ningemwambia aache, lakini ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nalala nayo.

Jumatano kabla ya safari kocha aliniletea ski nyumbani zikiwa tayari, zimefungwa pamoja. Mama akauliza kwa nini mzee huyu anazihangaikia kama mayai. Nikafungua moja, nikamweleza vizuri, maana siku hiyo nilikuwa na furaha. Mbele na nyuma inapakwa nta ya kuteleza. Katikati, chini ya mguu, inapakwa nta nyingine, ya kushika. Ukipanda mlima, unakanyaga pale katikati, nta inauma theluji, ndipo unasonga. Nikagonga pale kwa kidole. Nikamwambia hapa, maman, hapa padogo hivi ndipo maisha yangu yote yamekaa.

Akapagusa kwa ncha ya kidole.

Alhamisi nilikuwa kazini Evere. Ijumaa alfajiri tukaondoka na gari la kocha, mama akitupungia mkono kutoka dirishani na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alikuwa amefunga siku tatu, hali wala hanywi mpaka jioni.

Asubuhi ya mbio ilikuwa baridi kali, anga jeupe. Kocha alikuwa na mafua, pua imeziba, vidole vimekufa ganzi. Alipaka nta ya kushika tabaka moja juu ya jingine, akasugua, akaniambia nijaribu. Nikajaribu mita mia moja kwenye tambarare, ikashika. Nikamwonyesha dole gumba. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula vizuri, mwili wote ulikuwa unanitii. Sijawahi kuwa tayari namna ile, kabla wala baada.

Mlima wa kwanza nilipanda vizuri. Wa pili, katikati, mguu wa kulia ukateleza kurudi nyuma. Nikasema ni bahati mbaya, nikakanyaga tena kwa nguvu. Ukarudi tena. Kisha na wa kushoto. Jamani, hakuna kitu kibaya kama kukanyaga na kukuta chini hakuna kitu, kila hatua unayotoa unarudishiwa nusu yake. Nikaanza kujivuta kwa mikono. Nikapanua miguu kama bata nikapanda hivyo, huku wenzangu wananipita mmoja mmoja. Kilomita ya sita mikono ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nalia na kuendelea, makamasi yanaganda mdomoni. Nilimaliza, maana kuacha sijafundishwa. Alama zilipotoka zilikuwa juu ya kiwango, tena si kwa kidogo. Ng'ombe wa maskini hazai.

Nilikaa nyuma ya gari nikageuza ski niifute. Kitambaa kilitoka na mafuta. Nta yote ya katikati ilikuwa imebanduka kwa vipande, na chini yake palikuwa panang'aa. Nikanusa. Waridi. Mchungaji wetu anachanganya mafuta ya zeituni na manukato ya waridi, anayaombea, anawagawia waumini kwenye vichupa. Ninayajua mafuta ya upako yale hata usingizini, kila Jumapili yako kwenye paji la uso wangu. Mama alikuwa amefungua ski zangu Alhamisi nikiwa kazini, akapaka palepale nilipomwonyesha, akazifunga tena vizuri kama alivyozikuta. Ski zote mbili, kwa upendo, bila kumwaga hata tone pembeni.

Kocha alikuja, akaangalia uso wangu, akasema kosa ni lake. Alisema amechagua nta isiyofaa kwa theluji ile, kwamba amezeeka, kwamba pua na vidole vyake havimwambii tena kitu. Nami nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo wangu huu. Sikunyamaza kwa kumhurumia mama. Niliona aibu. Sikutaka mzee wa Kibelgiji ajue kwamba nyumbani kwetu tunapaka ski mafuta ya maombi. Njia nzima kurudi Brussels, muda wa saa tisa kwenye gari, alijilaumu na mimi nikatazama dirisha. Mwezi uliofuata akauza pasi yake ya kuyeyushia nta na meza yake, akaniambia nitafute mtu mwenye macho mazima. Sijamwambia mpaka leo.

Nyumbani nilikuta mama na wenzake wanne wa kikundi cha maombi. Walikuwa wamepika sombe, yale majani ya muhogo, na fufu na samaki, wamepanga viti. Mama alinishika mikono yote miwili mlangoni, akaniuliza kama mlango umefunguka. Nilisema hapana. Akasema haidhuru, Mungu hachelewi, na safari nyingine tutaomba zaidi. Kisha akaniegemea sikioni, akasema kwa fahari, kama mtu anayetoa siri tamu:

"Safari ingine nitaipaka yote, mbele na nyuma. Ile siku nilipaka tu fasi ya muguu, pale katikati."

Ningeweza kumeza. Mtu mzima humeza. Lakini nilikuwa nimemeza saa tisa nzima ndani ya gari, na hapo ikatoka yote.

"Maman, ni ile mafuta. Nta haikushika juu ya mafuta yako. Nilikuwa na nguvu za kufika, ni weye uliniangusha."

Nilisema kwa sauti, mbele ya wale wamama wanne. Mmoja akaanza kusema shetani ndiye, mama akamnyamazisha kwa mkono. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kama ningaliacha kuomba, ungalifika?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi bado nilikuwa namwaga. Nilisema ndiyo.

Akaitika kwa kichwa, akaenda jikoni kuwapakulia wageni. Tulikula. Sombe ilikuwa nzuri, watu wakaisifu, mama akawashukuru mmoja mmoja.

Jumapili nilikwenda naye kanisani kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuomba radhi. Ni ukumbi wa kukodi nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, viti vya plastiki, joto la watu. Mwisho wa ibada watu hupanga foleni mbele, mchungaji anawapaka mafuta kwenye paji la uso na kuwatamkia baraka. Mama hajawahi kuikosa foleni hiyo. Katika miaka ile ya karatasi, tulipokuwa hatujui kama tutabaki au tutarudishwa, alikuwa wa kwanza kila wiki, na mimi nimebebwa mgongoni au nimeshikwa mkono. Siku hiyo alipanga, akasogea na wenzake, nami nyuma yake. Zamu yake ilipofika mchungaji akanyoosha kidole chenye mafuta. Mama akatikisa kichwa, taratibu, kwa heshima, akatoka kwenye foleni akarudi kukaa. Nikabaki nimesimama mimi mbele ya kile kidole, na watu nyuma yangu wanangoja nisogee.