Kujaribu Kikombe cha Tuba Mtaani Dallas

Tuba haipulizwi hivi hivi. Kuna kikombe cha chuma unachokichomeka kwenye bomba lake kisha ukakibandika mdomoni. Bila hicho, tuba ni sufuria kubwa iliyojikunja. Changu kilikuwa kimebanduka fedha yote, ikabaki shaba inayonila. Kila Jumapili baada ya ibada mdomo wa juu ulivimba hadi nikafanana na mtu aliyebusu mzinga wa nyuki. Wateja wangu wa viatu pale soko la Meru waliniuliza ni nani amenipiga, nami nikawajibu ni kanisa.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa bendi aliponiita Embu nichague kimoja kati ya vikombe vyake, nilifurahi mno hata nisiulize maswali. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kupuliza miaka ile nilipokuwa nikisoma shule ya usiku, nikitoka kwenye hesabu na kichwa moto kama jiko, naye ananipooza kwa tuba. Ningefaa kushangaa. Mtu wa tuba hagawi vikombe vyake. Afadhali akupe ng'ombe wa maziwa.

Mshangao ulinipata njiani. Nilipewa lifti na mkwe wake, aliyekuwa akienda na gari lake la Probox kumchukua mzee amlete hospitali Meru. Mzee alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walitaka kuukata pamoja na koromeo lenyewe, kisha wamtoboe shingoni apumulie hapo. Akikatwa, angeishi. Ila pumzi isingepita tena mdomoni, wala sauti.

"Kwa hivyo tuba..." nikasema.

"Hata mshumaa hatazima," akasema mkwe bila kuondoa macho barabarani. "Ndiyo maana gari likifika anajifungia chumbani. Leo ameahidi ataingia garini ukishachagua. Sasa wewe usichague kama mtu anayetafuta bibi."

Tulipofika Dallas, mtaa wa mzee pale Embu, mke wake alinipokea langoni. Huyu ni mama ambaye kwa kawaida hakuachi ukae kabla ya kukushikisha kikombe cha chai. Siku hiyo alinishika kiwiko, akaninong'oneza, "Mwanangu, chagua haraka."

Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa na jua liko utosini. Mzee alikaa kwenye kochi amejifunga blanketi, na kila akivuta hewa koo lilipiga mluzi mwembamba, kama birika linalochemka nyumba ya pili. Mbele yake, vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Nilitoa mzaha kwamba ni kama duka la vito. Hakuna aliyecheka.

Nilichomeka cha kwanza kwenye tuba ya mzee, iliyoegemea kochi. Kilikuwa kidogo, na midomo hii niliyogawiwa kwa debe ikamwagika pembeni. Cha pili kilikuwa na shimo refu, kikaninyonya pumzi hadi nikaona nyota za kutosha mbingu mbili.

"Hicho ni cha mtu mwenye kifua," mzee akasema kwa sauti ya mkwaruzo. "Wewe una kitambi."

Cha tatu kilikuwa kizito, kimelainika ukingoni. Kilikaa mdomoni kama kilizaliwa hapo.

"Sasa piga ule wa mazishi," akasema.

Ni wimbo ambao bendi yetu huupiga jeneza likitoka langoni kwenda kaburini, polepole, tuba ikitangulia sauti zote. Nikamwangalia mama. Mama akaangalia sakafu.

"Mzee, tujaribu wa harusi basi."

"Harusi watu wanapiga vigelegele, hakuna anayesikia kikombe chako. Kikombe kinajulikana penye watu wamenyamaza. Piga."

Nikapiga. Vioo vya kabati vikatetemeka. Nje, watoto waliokuwa wakicheza mpira wakanyamaza. Redio ya jirani ikazimwa, halafu nyingine mbali kidogo. Kwa kiburi changu nikadhani Embu nzima imesimama kunisikiliza. Ningeapa hata mbuzi wa soko la Muthara, kule kwetu Meru, waliacha kutafuna.

Nilikuwa sijamaliza ubeti wa pili mlango ulipofunguka. Wakaingia akina mama wa mtaa, leso vichwani, wamebeba thermosi na pakiti za sukari. Nyuma yao alikuwa mwenye bucha ya pale kona, Mwislamu, aproni bado ina damu. Wote walijua mzee anaugua, na tuba ikilia kwenye boma lisilo na harusi, inasema neno moja tu. Mama wa mbele akamkumbatia mke wa mzee.

"Pole sana, mama. Alituacha saa ngapi?"

Mwenye bucha alikuwa ameinamisha kichwa na kuanza, "Inna lillahi..." Hapo mzee akakohoa kutoka kwenye kochi.

"Malizia tu," akamwambia. "Umeshaanza."

"Mzee wangu, unisamehe. Tulisikia tuba."

"Mlisikia vizuri?"

"Vizuri sana. Hata kule mwisho wa mtaa wamefunga maduka."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole.

Mke wa mzee akawaambia warudi na sukari yao. Wakatazamana. Kilicholetwa kwenye msiba hakirudi nyumbani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukibeba. Wakaweka pakiti mezani kando ya vikombe, wakajipanga ukutani, wakabaki. Hapo ndipo nilipoogopa. Walikuwa wakimwangalia mzee jinsi watu wanavyoangalia picha.

Akanyoosha mikono, nikampa tuba. Karibu immeze. Akavuta hewa, koo likapiga mluzi, na mwanzoni ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Ikatoka noti moja, ya chini kabisa, imechanika ukingoni. Aliishikilia hadi mishipa ya shingo ikasimama, ikakatika katikati kama kamba. Mama mmoja akaanza kulia kilio alichokuwa amekuja nacho.

Mzee akachomoa kile kikombe, hakukifuta, akakiweka kiganjani mwangu.

"Ni hicho," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Niletee koti."

"Hutakunywa chai kwanza?"

"Chai ya hiyo sukari? Hapana."

Hakuna aliyetupungia mkono gari lilipotoka. Walijipanga langoni, wanaume wametoa kofia, ila mwenye bucha, aliyebaki na yake akisogeza midomo kwa dua.

Tulipita Chuka. Tulipoanza kuteremkia daraja la Nithi, mahali pa ajali nyingi ambapo hata dereva mropokaji huacha hadithi, mkwe akapunguza mwendo. Mzee alikuwa kiti cha mbele.

"Kitoe," akasema.

"Hapa, mzee?"

"Hapa. Huko mbele sitaweza kukusemesha."

Nikakitoa mfukoni nikakipuliza peke yake bila tuba. Kikombe kitupu hulia kama nzi ndani ya chupa ya soda. Mzee alifumba macho, kiganja kooni.

"Legeza midomo. Unabana."

"Barabara ina kona nyingi."

"Kona ni za gari. Wewe legeza."

Nikalegeza. Kila niliponyamaza kuvuta hewa, nilisikia ule mluzi hapo mbele, mwembamba, ukija na kupotea. Nikawa narefusha zile nafasi za kuvuta hewa, nihakikishe bado uko.