Mstari wa Shadya

Bi Mastura wa Kigombe alifundisha kaswida kwa sauti yake mwenyewe mpaka alipokatwa uvimbe kooni. Alitoka hospitali akiwa na pumzi tu, na pumzi haimfundishi mtu kuimba.

Tangu hapo alifundisha kwa kuandika, kwenye kompyuta aliyoachiwa na binti yake, Shadya. Shadya ndiye aliyekuwa kiongozi wa waimbaji. Kabla homa haijamchukua, alimkuzia mama yake herufi, za kompyuta na za simu, zikawa nene kama kokwa za ubuyu, maana macho nayo yalikuwa yameanza kuaga. Hakuwahi kumwonyesha kitufe cha kushukia mstari mpya. Bi Mastura alibonyeza kile kirefu cha nafasi, maneno yakasogea, yakafika ukingoni mwa kioo, yakadondoka chini. Hivyo ndivyo alivyoipanga kaswida mpya ya Maulidi: ya kiongozi kushoto, ya wote kulia. Na katikati, peke yake, weupe ukiuzunguka kama sanda, mstari mmoja:

Ya Rabi mlaze pema, mwanangu asiyerudi.

Hapo dufu zinyamaze, aimbe mmoja. Ndicho alichokitaka Bi Mastura kutoka kwa dunia, mstari ule usikike.

Aliituma kwa Ustadhi Mselem, mwenye kikundi cha waimbaji, kule Muheza. Kwenye simu ya Mselem ukingo ulikuwa kwingine na herufi zilikuwa ndogo. Maneno yalimwagika kama dagaa waliopigwa teke uanikoni.

"Hii kaswida, au kompyuta imepiga chafya?" akawauliza wasichana wa kikundi. Wakacheka.

Nasra, aliyeshika nafasi ya Shadya, hakucheka. "Ustadhi, niruhusu niende Kigombe nikaione kwenye kioo chake. Mwalimu hapangi ovyo."

"Ukaone nini, nafasi tupu? Maneno si haya hapa? Mtaimba wote, mwanzo mpaka mwisho, na dufu zisipumzike. Watu wanakuja kuchangamka, hawaji matangani."

Usiku wa kuamkia Maulidi Bi Mastura aliandika: "Pa kunyamaza mmepaona?"

Mselem akamrudishia kidole gumba.

Kesho yake walimketisha mbele ukumbini, kwenye kiti chenye mto. Kaswida ilianza vizuri, naye akawa anahesabu beti kwa vidole juu ya goti. Ulipokaribia mstari ule akafumba macho, akangoja kimya.

Dufu zikapasuka. Wasichana wote wakaupokea mstari kwa nguvu, mabega yakicheza, na vigelegele vikapanda nyuma yao. "Mwanangu asiyerudi" likarudiwa mara ya pili, kwa mbwembwe.

Bi Mastura alisimama. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akapiga makofi, kwa nguvu, kama alivyozoea kuwakatisha madarasani wakikosea.

"Mwoneni mwalimu!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Kapandwa na furaha!"

Ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi naye. Alivyozidi kupiga ndivyo walivyozidi. Simu zikainuliwa. Alipoketi, viganja vimemwiva, wao walikuwa bado wanaendelea.

Mselem akamshika mkono, akampandisha jukwaani. "Mama yetu hana sauti, lakini ana neno! Mama, tuandikie."

Alitoa simu yake. Akaandika yote: *Anzeni upya. Pale kwa mwanangu aimbe mmoja. Nawaomba.*

Mselem alisoma. Kisha akakisogeza kipaza sauti.

"Mwalimu anasema amefurahi mno! Anasema rudieni, na safari hii wote tuimbe, wazee na watoto!"

Ukumbi ukalipuka. Bi Mastura akamgeukia Nasra, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, akamwinulia ile simu.

Herufi zilikuwa kubwa, kama alivyoziacha Shadya. Mtu angezisoma kutoka mlangoni. Nasra alizisoma, mstari kwa mstari, mpaka *nawaomba*.

"Nasra," Mselem akaita, tabasamu likiwa bado linaelekea kwa watu. "Tunakungoja wewe."

Nasra aliinamisha macho, akaliinua dufu lake, akawa wa kwanza kupiga.