Panya Wagonjwa Hawafungi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kulisha panya. Panya weupe, macho mekundu, ndani ya vibanda vya waya nyuma ya hospitali moja kwenye njia ya Mtama. Mimi mtu wa Kivinje, shule niliigusa tu nikaiacha, lakini kugawa chakula niliweza. Wakati huo ujamaa ulikuwa umepamba moto, na wasio na kazi walikuwa wakipakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vipya. Niseme kweli, ujamaa niliupenda. Mikutanoni nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilichoomba tu ni uendelee kuwapata wengine. Kilichonikinga na lori ni wale panya.

Mwenye panya alikuwa daktari kijana, mtu wa huku huku kusini, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Nusu ya panya aliwapandikiza uvimbe ubavuni, ukakua mpaka ukakishinda kichwa kwa ukubwa. Alitaka kujua uvimbe unaifanya nini damu. Akanieleza, maana hakuwa na mwingine wa kumweleza, kwamba mafuta hayaogelei yenyewe kwenye damu. Hupakiwa kwenye vifurushi vidogo mno vilivyofungwa kwa protini. Vifurushi vingine hupeleka mafuta mwilini, vingine hukusanya masalio na kuyarudisha kwenye ini. Alishuku kwamba uvimbe ukikua, vya kupeleka huzidi na vya kurudisha hupungua. Nikamwambia hiyo ni kama ushirika wetu wa korosho. Hakucheka, baba yake alikuwa kwenye kamati.

Sharti lilikuwa moja. Usiku wa kuamkia kutolewa damu, panya wasile. Aliyekula, damu yake huwa na mafuta ya chakula, na daktari atasoma karanga akidhani anasoma ugonjwa.

Ramadhani ikaingia, na mama mkwe akaja kutoka Kinjumbi kufunga pamoja na binti yake, kwenye chumba chetu pale pale jirani na vibanda. Kwetu mkwe ni mtu wa kustahiwa: huli naye, humkazii macho, na neno lako kwake hupitia kwa mkeo. Uso wake mpaka leo naujua kwa upande mmoja tu.

Jioni ya kuamkia kutolewa damu niliondoa chakula vibandani, nikaenda kufuturu, kisha tarawehe. Asubuhi daktari akatoa damu, akaitia kwenye mashine ya kuizungusha. Ya panya wazima, maji yake ya juu yalitoka safi kama maji ya dafu. Ya wagonjwa yalikuwa meupe kama tui. Daktari akanishika mabega, akasema haya yatasomwa Dar es Salaam, yatasomwa Ulaya. Nami nikaliona lori likipita mbali na mlango wangu.

Nikapeleka habari nyumbani. Mke wangu hakufurahi. Akaniambia, huku akitazama ukuta, kwamba jana, nikiwa tarawehe, mama yake aliuliza kwa nini vile vipanya havili, naye akamjibu vimefunga kwa amri ya daktari. Basi mama akaenda na karanga za kutwanga, akawalisha wenye uvimbe. Wazima aliwaacha.

Mkwe mwenyewe alikuwa uani anapepeta mchele, hapo hapo tu. Lakini adabu ni adabu.

"Mama watoto," nikasema, kwa sauti ya kufika uani, "mwambie mama panya hawana dini."

"Mama, anasema panya hawana dini."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Ungo haukusimama. "Mwambie mumeo mgonjwa hafungi, awe yeyote. Hata huyo daktari wake jana nimemwona anakunywa chai mchana kweupe, eti ana mafua."

Nikakaa kitako. Nikinyamaza, daktari atazibeba karanga za mkwe wangu mpaka Ulaya, nami nabaki na kazi. Nikisema, huenda akanifukuza, na lori halikuwa likipumzika. Msinione jasiri. Mkwe alikwisha kuwasimulia majirani jinsi alivyowafuturisha panya, na habari ingefika hospitali kabla ya adhuhuri. Bora ifike kwa mdomo wangu.

Daktari alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakunifukuza. Alisema tungoje siku chache, turudie, safari hii kwa kufuli.

Tukarudia. Panya wote wakalala na njaa, ufunguo ukalala na daktari. Asubuhi mashine ikazunguka. Ya wazima, safi. Ya wagonjwa haikuwa tui tena, lakini ilikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Damu ikapelekwa Dar es Salaam kwenye barafu, majibu yakarudi: vifurushi vya kupeleka vingi, vya kurudisha haba. Uvimbe ulikuwa ukimyeyusha panya, na mafuta yake mwenyewe ndiyo yaliyojaa damuni. Mkwe, kupitia kwa binti yake, akanifahamisha kwamba hayo aliyasema yeye tangu mwanzo.

Daktari alinishukuru mbele ya wauguzi. Alisema bila ukweli wangu asingeliamini jibu lake. Halafu, kwa kuwa jibu limepatikana, panya hawahitajiki tena. Na kwa kuwa panya hawahitajiki tena... Alinieleza vizuri kabisa, taratibu, kama alivyonieleza habari za mafuta.

Lori likatupokea sote, mkwe akiwa amekaa juu ya magunia. Kijijini mwenyekiti akaniuliza huko nilikotoka nilikuwa na ujuzi gani. Nikamwambia, kulisha panya.

"Hapa wanajilisha wenyewe, ndugu," akasema. "Chukua jembe."